Sufuria Iliyochemka Bila Moto

Lupaso,
10 Oktoba 1994

Dada Scholastika,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ingawa leo neno hilo naliandika kwa mazoea tu. Mama Godwin anakusalimu. Godwin anauliza kama mvua imeshagusa Newala au bado mnapanga foleni ya ndoo. Nimemwambia shangazi yake anafanya kazi kwenye tangi la maji, kwa hiyo hata akikosa maji anakosa kwa heshima.

Dada, nina hofu. Nakuandikia kwa sababu ya ile sufuria kubwa, ya ndoo nne, ambayo mtu anainyanyua kwa mkono mmoja. Niliimimina tanuruni kwangu kwa vile vipande ulivyonipa mwaka jana kwenye sanduku la mbao, nikachanganya na aluminiamu chakavu kidogo tu. Unajua tangu kiwanda cha korosho kifungwe, sisi tukaambiwa sasa kila mtu ajitegemee, hakuna kitu kilichonirudishia heshima kijijini kama sufuria zangu nyepesi. Wanawake wanazisifia kisimani.

Juzi Jumamosi Mzee Sharifu alialika watu wamfyekee mikorosho yake. Mwanakombo, mke wa mwanawe Bwanali, akaja kuazima sufuria hiyo, awatilie wafyekaji maji ya mabibo ya mikorosho hiyo hiyo. Aliyakamua asubuhi ile ile, bado matamu, hayajafika kuwa pombe. Akayamimina, akaenda kuchukua kata. Kurudi anakuta sufuria inachemka. Haiko jikoni, Dada. Iko chini, mchangani, kivulini. Inatoa mapovu kama ugali ulioachwa, inafoka, na ubavuni ukiigusa ina joto. Mwanakombo akapiga kelele, "Nnungu wangu!" hadi mimi nikasikia kwangu.

Wakubwa wakacheka, wakasema mabibo ya mwaka huu yana haraka. Wakanywa. Mzee Sharifu alikunywa zaidi kwa sababu ndiye mwenye shamba na hakutaka wageni waogope. Ilipofika alasiri watu wote kumi na wanne matumbo yalikuwa yanawaendesha. Cecil wa zahanati ameishiwa na dawa ya kuongezea maji mwilini. Wengine wamepata nafuu. Mzee bado.

Nilipokwenda kuchukua sufuria yangu niliikuta imebadilika rangi ndani, kijivujivu, na chini ina tundu linalopitisha kidole.

Watu wananisalimia kwa mbali sasa. Dada, yale yalikuwa madini gani? Uliniambia nisiulize yalikotoka, nami sikuuliza. Leo nauliza.

Ndimi mdogo wako,
Dastani


Newala,
14 Oktoba 1994

Mdogo wangu Dastani,

Marahaba. Barua yako nimeipata jana kwa mkono wa utingo. Mvua bado. Mwanangu Agatha anawasalimu wote.

Nimesikitika kusikia habari za Mzee Sharifu, lakini usijitie hofu ya bure. Mabibo ni mabibo. Yakikutana na chombo kichafu na jua la Oktoba yanaumuka, na mtu akinywa tumbo linamwendesha, hilo halijaanza leo. Huenda maji ya kunawia ndiyo yalikuwa mabaya. Mwambie Cecil aangalie kisima.

Vile vipande ni aluminiamu tu, ya madirisha ya zamani. Si kitu cha kuandikiana barua.

Hata hivyo nakuomba mambo mawili, na uyafanye bila kunijibu kwanza. Kusanya sufuria zote ulizomimina kwa vipande vile. Sema unataka kuzipiga msasa, sema lolote. Ukishazipata zifukie mahali pasipoonekana. Pili, kama umebakiwa na kipande chochote usikiyeyushe tena, na kama kiko tanuruni usikimwagie maji kikiwa cha moto. Nakusihi.

Niandikie Mzee anaendeleaje. Niandikie mapema.

Dada yako,
Scholastika


Lupaso,
20 Oktoba 1994

Dada,

Shikamoo. Mzee Sharifu amefariki. Ilikuwa Jumapili tarehe kumi na sita, kabla barua yako haijafika. Nilikwenda mazikoni nikasimama nyuma. Hakuna aliyenifukuza, ila hakuna aliyesimama karibu yangu. Wanawe wamenyoa vichwa kama desturi ya wafiwa, na Bwanali alinitazama kwa kile kichwa kitupu mpaka nikainamisha macho.

Nilitii maneno yako, Dada. Hilo ndilo lililoniponza. Nilizunguka kukusanya sufuria, nikapata saba. Juzi alfajiri nikazifukia nyuma ya tanuru. Nilikuwa nashindilia udongo kwa miguu nilipoona watu watatu wamesimama kwenye njia ya kisimani, na mmoja wao ni Mwanakombo. Walikuwa wameniona tangu mwanzo.

Wewe umesoma, niambie. Mtu ambaye sufuria yake imeua, anaonekana alfajiri anafukia nyingine saba bila kuongea. Ungekuwa wewe ndiye umetoka kisimani ungesema anafanya nini?

Zimefukuliwa zote. Ziko ofisi ya kijiji, zimefunikwa turubai, na hakuna anayetaka kukaa chumba kile. Mtu mmoja ameitia moja maji ya ndimu mbele ya watu, nayo ikachemka. Watu walikimbia hadi barabarani. Nilikimbia nao, Dada. Mimi niliyeimimina kwa mikono yangu nilikimbia nao.

Wazee wamemwita Mzee Fikirini, yule anayenyoa wachawi. Anakuja Jumapili ya tarehe sita Novemba. Nitakalishwa mbele ya watu, ninyolewe, ninyweshwe dawa yake, na kuanzia siku hiyo mimi na Godwin wangu tutaitwa hilo jina hadi tufe. Hao ni wazee wenye huruma. Wadogo wa Bwanali wanasema hawawezi kusubiri wembe, kiberiti kinatosha. Nyumba yangu ni ya makuti, unaijua.

Sasa nakuuliza, na naomba usikasirike. Nilipokuja kwako mwezi wa sita uliitumia sufuria niliyokuletea, lakini kwa maji ya mvua tu. Agatha alipotaka kuitia ukwaju ulimpokonya, ukasema sufuria hiyo ni ya maji. Nililiona hilo, nikacheka. Sasa sicheki. Usiku silali nafikiri: dada yangu alijua. Dada yangu amenipa kitu. Na watu wanaponiuliza kama katika ukoo wetu kuna mambo, nashindwa kujibu upesi kama zamani.

Umenipa nini?

Dastani


Newala,
25 Oktoba 1994

Mdogo wangu mpendwa Dastani,

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kimenifichua mimi, na kilio chenyewe si cha kwetu, ni cha watu wengine.

Si aluminiamu. Ni magnesiamu iliyochanganywa na kalsiamu, ile kalsiamu iliyomo kwenye chokaa na mifupa. Wataalamu wa mradi wa maji waliileta ili kulinda tangi letu la chuma. Chuma kikikaa na maji kinaliwa na kutu. Ukikifungia kipande cha magnesiamu, maji yanakula kile kipande na kuacha chuma. Kazi yake ni kuliwa.

Walikuwa na aina tatu wakizijaribu. A haina kalsiamu. B inayo kidogo, nayo ndiyo ilidumu. C waliitia nyingi, ikawa inaliwa upesi kupita zote. Kila tarehe mosi mimi nilivitoa vipande tangini, nikavikausha, nikavipima kwenye mizani, nikaandika kwenye daftari vimepungua gramu ngapi. Miaka minne. Nilifundishwa kwamba chumvi inavila, na uchachu unavila zaidi, vinatoa mapovu na joto. Maji ya mvua yanavila polepole mno. Nilijua yote hayo, Dastani. Nilijua kabla sijakupa.

Mradi ulipokwisha wataalamu wakaondoka, hakuna aliyeuliza tena daftari. Sanduku la C lilibaki stoo. Wewe ulikuja ukiwa umekonda, kiwanda kimefungwa, unatafuta chakavu hadi vifuniko vya chupa. Nikaandika kwenye daftari: C, vimeliwa vyote. Nikakupa sanduku. Nilichagua C kwa kuwa ile kalsiamu nyingi inazuia magnesiamu isishike moto tanuruni. Nilijipongeza kwa busara yangu! Nilisema moyoni, watapikia ugali na maji, kuna neno gani? Nimekulia Lupaso, nikasahau mabibo.

Si uchawi wala si sumu. Magnesiamu ikikutana na uchachu inageuka kitu kama chumvi ya haluli, ile waliyotunywesha utotoni kusafisha tumbo. Mtu mzima mwenye nguvu anaendesha siku mbili, anapona. Mzee wa miaka themanini na kitu ni jambo jingine.

Barua yako ya kwanza niliisoma nimesimama, nikajua papo hapo. Lakini niliogopa. Ni mali ya mradi, na daftari lina uongo wangu kwa mwandiko wangu. Nilimwona Agatha bila mama, nikakuandikia habari za madirisha.

Ichukue barua hii uisome mbele ya ofisi ya kijiji, neno kwa neno. Cecil anaijua haluli, atakuunga mkono.

Nisamehe. Usiwaze habari za ukoo. Ukoo hauna kitu, ni mimi.

Scholastika


Masasi,
31 Oktoba 1994

Dada,

Shikamoo. Sipo Lupaso. Nimejificha kwa Reginald, tuliyekuwa naye kiwandani, na barua yako Mama Godwin ameniletea ameificha kwenye unga. Walirusha kijinga cha moto juu ya paa letu la Lupaso Ijumaa mchana, mchana kweupe. Majirani wawili walisaidia kuzima. Wawili tu. Godwin yuko kwa bibi yake.

Nimeisoma mara tatu. Nimelia, kisha nikakasirika, kisha nikalia tena. Nimefurahi kwamba mimi si mchawi. Usinicheke, nilikuwa nimeanza kujikagua.

Lakini siwezi kuisoma mbele ya watu. Nikionyesha kwamba naweza kuchemsha sufuria bila moto, si nitakuwa nimekiri? Nikisema ni dada yangu amenipa, watasema basi wako wawili. Na nikiitoa barua yako, itapita mikono hadi Newala, wakuchukue. Agatha atabaki na nani?

Nimeichana. Vipande nimevitia jikoni.

Nitavuka Ruvuma kwenda Msumbiji wiki hii. Vita ya huko imekwisha, wanasema mafundi wanahitajika. Mama Godwin atanifuata akiweza. Usije Lupaso, Dada. Nakukataza, ingawa sina haki ya kukukataza. Wakikuona watakumalizia hasira yangu.

Dastani


Lupaso,
7 Novemba 1994

Baba Godwin,

Salamu nyingi. Nimempa barua hii mwenye lori akuwahi kwa Reginald kabla hujaondoka. Usivuke. Soma yote kwanza.

Wifi alikuja. Alishuka Jumamosi na sanduku kichwani. Nikamwambia rudi, wifi, watakuua. Akaniambia, "Mama Godwin, hofu ninayo tayari ya kutosha, kwa hiyo nipe kiti, usinipe maneno." Hakula kitu.

Jana walikusanyika mbele ya ghala la korosho, watu wengi kuliko mkutano wa kura. Mzee Fikirini ametandika mkeka wake, wembe, kibuyu cha dawa. Wanauliza Dastani yuko wapi. Wifi akaingia katikati akasema, "Dastani hayupo. Niliyempa madini ni mimi."

Akatoa mizani, daftari na kipande kimoja cheupe kama sabuni, akasema ndicho cha mwisho, alibaki nacho mwenyewe. Akamwita Mwanakombo kwa jina, akamwambia akakamue mabibo kwa mkono wake mwenyewe, alete na bilauri ya kwake, asije mtu akasema mgeni ametia kitu. Mwanakombo akaenda huku anatazama nyuma. Kipande kilipoingia kwenye bilauri maji yakafoka kama siku ile. Watu walirudi nyuma wakakanyagana, mimi mwenyewe nilimshika mtu nisiyemjua.

Wifi akangoja yatulie. Akakitoa kipande kwa kijiko, akakifuta kwa kanga, akakipima, akasema kimepungua, kilichopungua kimo humu ndani. Halafu akanywa. Yote! Akajazisha tena mara mbili, kila mara akikitia kipande, akanywa. Cecil akasema kwa sauti, "Jamani, hiyo ni haluli. Mtamwona."

Tukakaa kumsubiri. Baba Godwin, sijawahi kuona mkutano mzima unasubiri tumbo la mtu mmoja. Amekaa kwenye benchi, daftari mapajani, jasho linamtoka. Wengine wanasema atageuka, wengine wanasema ataanguka. Saa moja na nusu hivi ikapita. Akasimama taratibu, akatembea kwa adabu zake za ofisini hatua kama kumi, halafu adabu zikamwisha akakunja kanga akakimbilia choo cha ghala. Mtu mmoja akacheka. Wakacheka wote. Hata Mwanakombo alicheka mpaka akakaa chini, akasema ndivyo alivyokimbia yeye siku ile. Nami nikacheka, nikasikia kifua kimefunguka, nikajua hutakufa.

Bwanali hakucheka.

Wifi aliporudi, Bwanali alimuuliza, "Mama, ulijua lini?"

"Barua ya ndugu yangu niliipata tarehe kumi na tatu."

"Baba alikufa kumi na sita."

"Ndiyo."

Bwanali akamgeukia Cecil. "Ungeambiwa ni haluli, ungefanya nini?"

Cecil akasema, "Mimi nilidhani ni maji machafu, nikawa namtibu nyumbani. Ningejua, ningempeleka hospitali siku ile ile wakamtilia maji ya mshipa." Hakusema kwamba angepona.

Hapo kicheko kilikwisha kabisa. Wadogo wa Bwanali wakasimama. Nilidhani ndiyo basi. Bwanali akawazuia kwa mkono, akamwambia Mzee Fikirini amnyoe wifi. Mzee akakataa, akasema yeye hamnyoi mtu asiye mchawi, dawa yake itaharibika. Bwanali akasema, "Sijasema ni mchawi. Sisi tuliofiwa tumenyoa. Mwenye mkono katika kifo hiki naye anyoe, akae msiba nasi. Nipe wembe."

Wifi hakusubiri kushikwa. Alifungua kilemba mwenyewe, akakikunja, akaniwekea mkononi. Akakaa chini mchangani, akainama. Bwanali alimnyoa polepole, hakumkata hata mara moja. Nywele zilipokwisha akamwambia, "Haya, njoo ndani." Akaenda naye kwa wafiwa, wifi akalala huko kwenye jamvi na wanawake wao.

Leo asubuhi Mwanakombo amekuja kuniuliza paa letu linahitaji makuti mangapi.

Rudi nyumbani.

Mkeo,
Anjelina


Newala,
1 Desemba 1994

Mdogo wangu Dastani,

Marahaba, na ahsante kwa barua. Nimefurahi umerudi na tanuru linawaka. Umeuliza mambo ya ofisini. Nilikwenda kwa mkubwa wangu nikiwa na daftari, nikamwonyesha palipo na uongo. Alilifungua, akaniuliza magnesiamu ni kitu gani. Nikamweleza. Akasema mradi ule ulishafungwa, hayo mambo hayapo kwenye orodha yoyote, nirudi kazini. Nilihofia utakufa na niliogopa jela, na jela yenyewe haikuwepo.

Mvua imenyesha. Leo ni tarehe mosi, nimepanda tangini kupima vipande vya B. Bado vinaliwa polepole. Nimeandika gramu zake sawasawa.

Siku tatu za kwanza nilikwenda kazini na kilemba. Siku ya nne nilikiacha nyumbani. Wanaponiuliza nimefiwa na nani, nawaambia mzee mmoja alikufa Lupaso kwa sababu nilinyamaza siku tatu. Wanasema, Mama Agatha, usiseme hivyo. Nasema.

Arobaini ya Mzee Sharifu ilipita nikiwa zamu hapa, sikuja. Bwanali ametuma salamu kwamba nafasi yangu kwenye jamvi ilikuwa wazi. Nenda kwake kwa niaba yangu, usiende mikono mitupu. Mpelekee sufuria ya aluminiamu, nzito.

Dada yako,
Scholastika